Jina la Kikoa kwa Kampuni Changa: Mwongozo Kamili, Kuanzia Matamshi hadi Umiliki

Mteja wa kwanza wa kampuni changa mara nyingi haoni jina la kampuni hiyo limeandikwa, analisikia. Analisikia kwa jirani aliyeridhika na huduma, kwa dereva wa bodaboda aliyeleta mzigo, au kwenye tangazo la redio lililopita akiwa jikoni, kisha analichapa kwenye simu kama alivyolisikia. Katika safari hiyo fupi, kutoka mdomoni hadi sikioni na kutoka sikioni hadi kidoleni, ndipo majina mengi ya vikoa, yaani anwani za tovuti, yanapopotea, na ndiyo sababu mwongozo huu unaanza na matamshi kabla ya kugusa bei na wasajili, yaani kampuni zinazosajili vikoa. Nimewaandikia hasa wanaoanzisha kampuni Tanzania na Kenya, ambao wateja wao wanazungumza Kiswahili, na ambao hawatakuwa na fedha za kurekebisha kosa la jina baada ya miaka miwili ya kulitangaza.

Mambo machache ya msingi yatangulie. Kikoa, au domeini kama wengi wanavyosema, hakinunuliwi moja kwa moja kama kiwanja chenye hati. Kinasajiliwa kwa muda, kuanzia mwaka mmoja, na kwa .com muda huo unaweza kufika miaka 10 kwa mara moja. Jina la Kiswahili litaandikwa kwa herufi za a hadi z, tarakimu za 0 hadi 9 na kistari, ambacho hakiruhusiwi kuwa mwanzoni wala mwishoni. Herufi kubwa na ndogo hazitofautishwi, na sehemu moja ya jina haiwezi kuzidi herufi 63, ingawa jina lililokaribia hata nusu ya hapo halifai kubandikwa kwenye bajaji. Ritifaa hairuhusiwi kabisa. Anayetaka kuuza maziwa kwa jina lenye neno «ng'ombe» atalazimika kuandika «ngombe», na inampasa aamue mapema kama yuko tayari kuliona jina lake limekosewa kwenye kila bango atakalochora.

Hatua ya kwanza: orodhesha, kisha tamka

Andika majina 20 hivi kwenye karatasi bila kujizuia, uyaache usiku mmoja, na asubuhi uyasome kwa sauti. Usianze kutafuta mtandaoni kama yapo wazi, kwa sababu ukishaona jina liko wazi moyo unalipenda kabla masikio hayajalipima.

Kiswahili kina mitego yake, na miongozo mingi iliyoandikwa kwa wasemaji wa lugha nyingine haiigusi. Mtego wa kwanza ni sauti ambazo wasemaji wengi hawazitenganishi. Ukianzisha kampuni ya kukadiria bei za nyumba na ukaiita «thamani», sehemu ya wasikilizaji wako watachapa «samani», nao watafika kwa muuza makabati. «Kalamu» na «karamu» ni maneno mawili yenye maana mbili, lakini kwa mtu ambaye lugha yake ya nyumbani haitofautishi l na r, jina moja litaandikwa kwa njia zote mbili bila yeye kutambua. Anayejenga programu ya kuhifadhi mazao na kuiita «ghala» atapata watakaoandika «gala», na anayechagua neno linaloanza na h, au na irabu, ajue kuwa h huongezwa na kuondolewa kwa urahisi katika mazungumzo ya kila siku. Sisemi maneno haya yaachwe yote. Nasema anayelichagua mojawapo ahesabu tangu mwanzo gharama ya kusajili tahajia zote mbili.

Mtego wa pili unatokana na kuunganisha maneno, kwa kuwa kikoa hakina nafasi kati ya neno na neno. «Nyumbanibora» linasomeka «nyumbani bora», na pia «nyumba ni bora». «Kazini» linaweza kuwa mahali pa kazi au mwanzo wa sentensi kuhusu kazi. Maneno yetu yanaishia kwa irabu na mengi ya kuunganisha nayo yanaanza kwa irabu, hivyo irabu hukutana katikati na kuleta mashaka. Mwanzilishi mmoja wa huduma ya wakulima aliniletea «shambaafrika» akiwa amekwisha kulipia nembo. Nilimwomba ampigie simu shangazi yake aliyeko Tanga, amtajie anwani hiyo mara moja tu bila kuifafanua, na shangazi amtumie picha ya alichoandika. Picha ilikuja na «shambafrica». Tukampigia rafiki yake wa Mwanza, akaandika «shambaafrica». Wa tatu akauliza kama kuna kistari katikati. Watu watatu, na hata mmoja hakufika kwenye tovuti. Jipimie mwenyewe kwa namna hiyohiyo, ukichagua watu wa sehemu tofauti, mmoja wao awe mtu mzima asiyeshinda mtandaoni, na usimsaidie kwa herufi hata moja.

Tarakimu na vistari vinaanguka kwenye jaribio hilo karibu kila mara. Ukitamka «soko mbili», msikilizaji hajui kama aandike 2 au «mbili», na neno «kistari» halimo midomoni mwa watu wengi, kwa hiyo mfanyakazi wako atajikuta akieleza anwani kwa dakika nzima wakati mteja anasubiri kwenye foleni.

Liangalie pia jina kwa macho ya jirani. Huduma ya usafiri yenye neno «daladala» inaeleweka papo hapo Dar es Salaam, lakini Nairobi watu wanapanda matatu, na jina litahitaji maelezo siku utakapovuka mpaka. Kwa upande mwingine, neno la Kiswahili lenye matamshi mepesi linaweza kusafiri mbali sana. Ushahidi, jukwaa lililozaliwa Kenya wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa mwishoni mwa 2007, lilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi la 2010, na jina lake halikuhitaji kutafsiriwa ili likumbukwe na wasiojua neno moja la Kiswahili. Silabi zake ni wazi, herufi zake zinasomeka zilivyo, na maana yake ndiyo kazi yake.

Hatua ya pili: chagua mwisho wa jina

Kinachofuata nukta ya mwisho kina uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu hapo ndipo panapoamua ni nani mwenye mamlaka juu ya anwani yako. Vikoa vya Tanzania vinaishia na .tz chini ya usimamizi wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, na kampuni kwa kawaida huchukua .co.tz, vya Kenya vinasimamiwa na KeNIC, ambako kampuni huchukua .co.ke au .ke yenyewe. Miisho kama .go.tz, .go.ke, .ac.tz na .ac.ke ni ya serikali na vyuo, wala si ya biashara. Upo pia mwisho wa .africa, uliofunguliwa kwa watu wote mwaka 2017, unaomfaa anayelenga nchi kadhaa za bara hili kwa pamoja.

Maoni yangu ni haya: ikiwa wateja wako wako Tanzania, .co.tz iwe anwani yako kuu, na ikiwa wako Kenya iwe .co.ke au .ke, lakini usajili .com ya jina hilohilo siku hiyohiyo na uielekeze kwenye anwani kuu. Jina ambalo .com yake inamilikiwa na mshindani wa fani yako liache, hata kama unalipenda kiasi gani. Mteja anayechapa kwa haraka huongeza .com kwa mazoea, na barua pepe zake zenye maagizo, hati za malipo na nakala za vitambulisho zitakwenda kwa mtu mwingine, wala hutajua kuwa zilitumwa. Jambo hili limewakuta wakubwa. Mwaka 2023 ilibainika kuwa barua pepe nyingi zilizokusudiwa jeshi la Marekani, linalotumia .mil, zilikuwa zikienda kwenye .ml, ambao ni mwisho wa nchi ya Mali, kwa sababu tu waandishi waliruka herufi moja. Kwa sababu hiyohiyo siwashauri watu kuongeza «tz» mwishoni mwa jina na kuweka .com, kwa mfano «dukaletutz.com», watu wataliacha hilo «tz», na kama .co.tz ipo, yenyewe inalisema vizuri zaidi.

Miisho inayopendwa na kampuni za teknolojia inahitaji tahadhari, kwa kuwa mingi ni ya nchi au visiwa ambavyo waanzilishi hawajawahi kuviwaza. Mwisho wa .ly ni wa Libya, na mwaka 2010 wasimamizi wake waliifunga vb.ly, huduma ya kufupisha viungo, wakisema maudhui yake yanakwenda kinyume na sheria za nchi hiyo. Mwisho wa .io ni wa visiwa vya Chagos katika Bahari ya Hindi, ambavyo Uingereza ilitia saini mkataba wa kuikabidhi Mauritius mamlaka yake Mei 2025. Anayejenga kampuni ya miaka 20 afikirie hilo, akikumbuka kuwa .yu ya Yugoslavia iliondolewa kabisa mwaka 2010, baada ya nchi yenyewe kutoweka. Vikoa vya bure ndivyo vibaya kuliko vyote. Kwa miaka mingi vijana wengi wa Afrika walianzia kwenye .tk, .ml, .ga, .cf na .gq kwa sababu havikuwa na malipo, lakini mwaka 2023 kampuni iliyokuwa ikivigawa ilisimamisha usajili mpya, Gabon ikarejesha .ga mikononi mwake, na mamilioni ya majina yakafutwa pamoja na kazi zilizojengwa juu yake.

Hatua ya tatu: tofautisha mambo matatu yanayofanana

Jina la kampuni, alama ya biashara na kikoa ni vitu vitatu vyenye milango mitatu, na kupata kimoja hakukupi vingine. Tanzania Bara, jina la kampuni linasajiliwa BRELA, na hukohuko, kwa maombi mengine kabisa, ndiko inakosajiliwa alama ya biashara. Usajili wa kwanza wa alama unadumu miaka 7 na baada ya hapo unahuishwa kwa miaka 10. Zanzibar ina wakala wake, BPRA, na alama iliyosajiliwa Bara haikulindi Unguja wala Pemba, jambo ambalo wafanyabiashara wa utalii huligundua wakiwa wamechelewa. Kenya, kampuni husajiliwa na Business Registration Service kupitia eCitizen, na alama husajiliwa na KIPI.

Kwa hiyo, orodha yako ikishapungua na kubaki majina matatu, tafuta kila jina kwenye sehemu zote hizo kabla ya kulipa popote, kisha angalia kama linapatikana kwenye mitandao ya kijamii utakayotumia. Usijipe moyo kwamba neno la kawaida la Kiswahili haliwezi kuwa mali ya mtu. Disney ilisajili «Hakuna Matata» nchini Marekani mwaka 2003 kwa ajili ya nguo, na malalamiko makubwa ya mwaka 2018 hayakukosa hoja, bali yalichelewa miaka 15. Neno la kawaida linaweza kulindwa kwa aina fulani ya bidhaa, na bidhaa hiyo inaweza kuwa yako.

Hatua ya nne: chunguza maisha ya awali ya jina

Jina kuwa wazi leo hakumaanishi kuwa halijawahi kuwa na mwenyewe. Fungua Wayback Machine ya Internet Archive, andika anwani, na uone ilivyokuwa miaka iliyopita. Ukikuta kamari, ngono au dawa za kughushi, elewa kuwa kikoa hicho huenda kimo kwenye orodha za wanaotuma barua taka, na barua pepe zako za kwanza kwa wateja zitaangukia kwenye kapu la taka bila kosa lako. Spamhaus, shirika linalofuatilia barua taka, wana ukurasa wa kuchunguza hilo. Kazi hii inachukua dakika 10, na sijawahi kuona sababu ya kuiruka.

Hatua ya tano: ikiwa jina lina mwenyewe

Tafuta taarifa zake kwenye lookup.icann.org. Mfumo wa kuulizia taarifa za vikoa uitwao RDAP, uliochukua rasmi nafasi ya WHOIS kwa vikoa vya aina ya .com mwezi Januari 2025, utakuonyesha tarehe ya kusajiliwa, tarehe ya kuisha na msajili aliyehusika, ingawa jina la mmiliki mara nyingi limefichwa. Ikiwa kikoa hakina tovuti na kinaisha karibuni, unaweza kusubiri; ikiwa kina ukurasa unaosema kinauzwa, uliza bei kwa utulivu, bila kueleza kampuni yako ina wawekezaji gani, na malipo yapitie kwa mtu wa tatu anayeshikilia fedha hadi kikoa kihamishwe. Usitume fedha moja kwa moja kwa mtu usiyemjua, hata kama anaonekana muungwana kwenye simu.

Hakuna aibu kuanza na jina lililoongezwa neno. Facebook ilianza kama thefacebook.com na ikalipa dola 200,000 mwaka 2005 ili kupata facebook.com, Tesla ilitumia teslamotors.com hadi mwaka 2016. Muhimu ni kwamba neno waliloongeza lilitamkika na kuandikika bila kubahatisha. Kwa Kiswahili, maneno kama «duka», «pata» au «lipa» mwanzoni mwa jina hufanya kazi hiyo vizuri, kwa kuwa yanamweleza mteja anachokuja kufanya.

Ikiwa mtu amesajili alama yako ya biashara kama kikoa cha .com kwa nia ya kukukamua, upo utaratibu wa kutatua migogoro ya vikoa, UDRP, ulioanzishwa mwaka 1999 na ICANN, chombo kinachoratibu majina ya vikoa duniani, ambapo WIPO, shirika la kimataifa la miliki bunifu, hupokea mashauri. Lakini ni lazima uthibitishe mambo matatu kwa pamoja: kwamba jina linafanana na alama yako, kwamba yeye hana haki nalo, na kwamba alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Ada ya WIPO kwa shauri la mwamuzi mmoja lisilozidi vikoa vitano ni dola 1,500, kabla ya wakili. Kwa kampuni changa, mara nyingi ni busara zaidi kutafuta jina jingine.

Hatua ya sita: sajili kwa jina la kampuni, si la fundi

Hapa naomba usomaji wa makini kuliko sehemu nyingine yoyote. Niliwahi kuitwa na kampuni ndogo ya usafirishaji ambayo tovuti na barua pepe zake zilizimika Jumamosi moja asubuhi. Kikoa kilikuwa kimesajiliwa na fundi aliyewatengenezea tovuti, kwa jina lake na kwa barua pepe yake binafsi. Fundi alikuwa amekwenda Oman kufanya kazi, namba yake ya zamani haipatikani, na taarifa zote za kuhuisha zilikuwa zikienda kwenye sanduku ambalo hakulifungua tena. Hakuwa mtu mbaya. Tulimpata baada ya siku tisa kupitia kwa kaka yake, naye alitoa nywila bila kinyongo, lakini kwa siku hizo tisa wateja waliokuwa wakifuatilia mizigo walidhani kampuni imekufa.

Kwa hiyo simamia usajili mwenyewe, au ukae karibu na anayeusimamia. Mmiliki aandikwe kuwa ni kampuni, kama lilivyo jina kwenye cheti cha usajili. Barua pepe ya mawasiliano isiwe ya kikoa kilekile, kwa sababu kikoa kikiisha barua pepe hiyo hufa nacho, na onyo la mwisho halitakufikia. Namba ya simu iwe ya laini iliyosajiliwa kwa kampuni, uthibitisho wa hatua mbili uwashwe, na watu wawili, si mmoja, wawe na njia ya kuingia.

Soma bei ya kuhuisha kabla ya kufurahia bei ya mwaka wa kwanza, maana wasajili wengi hupunguza ya kwanza na kupandisha ya pili. Lipia miaka kadhaa ukiweza. Ukitegemea malipo ya kujirudia kwa kadi pepe ya pesa za simu, kumbuka kuwa kadi isiyo na salio siku ya kukatwa ni sawa na kutolipa. Uzembe huu hauchagui mkubwa wala mdogo: Desemba 1999 Microsoft ilisahau kuhuisha passport.com, watumiaji wa Hotmail wakashindwa kuingia, na mtaalamu mmoja wa programu asiye mfanyakazi wao akalipa dola 35 ili huduma irejee.

Kwa .com, taratibu baada ya kuisha ni hizi. Msajili anaweza kukupa kipindi cha nyongeza kisichozidi siku 45; kikoa kikifutwa, kinaingia kwenye siku 30 za kukombolewa kwa ada inayozidi sana ya kawaida; kisha siku 5 za mwisho, na baada ya hapo yeyote anaweza kukichukua. Vikoa vya .tz na .ke vina ratiba zao, nawe umwombe msajili wako akupe kwa maandishi.

Hatua ya saba: kitumie kabla tovuti haijawa tayari

Usisubiri tovuti. Siku hiyohiyo tengeneza barua pepe ya kikoa chako, na umwombe anayekuhudumia aweke rekodi za SPF, DKIM na DMARC, ambazo huzisaidia seva za wengine kutambua kuwa barua imetoka kwako kweli. Weka ukurasa mmoja wenye jina la kampuni, kazi yake na namba ya simu, kisha zielekeze tahajia nyingine ulizosajili kwenye anwani kuu na uzijaribu moja baada ya moja kwenye simu ya kawaida yenye mtandao hafifu.

Mwisho, chukua karatasi moja, uandike jina la kila kikoa, msajili wake, tarehe ya kuisha, barua pepe iliyosajiliwa na majina ya wale wawili wenye njia ya kuingia, lakini nywila usiziandike hapo. Itie kwenye faili lenye cheti cha usajili na namba ya mlipakodi, na tarehe ya kuisha iwekwe kwenye kalenda za simu za wote wawili, mwezi mmoja kabla na tena wiki moja kabla.